Zaidi ya nusu ya siku

Watu wakisikia kwamba naandaa madodoso ya afya ya akili, hudhani nashinda nikitunga maswali. Maswali yapo tele, tena ya bure. PHQ-9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, yenye maswali tisa, ilichapishwa mwaka 2001. GAD-7 ya wasiwasi, maswali saba, ikafuata mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani lina SRQ-20 yake, maswali ishirini ya ndiyo au hapana. Waliozitunga walifanya kazi yao vizuri. Kinachotutoa jasho sisi hapa Pemba ni upande wa majibu: mtu achague jibu gani, ahesabu tangu lini, na nani amekaa ubavuni mwake wakati anajibu.

Kikundi chetu ni kidogo. Kuna wauguzi, kijana wa takwimu, mwalimu mstaafu wa skuli anayetusaidia upande wa lugha, na mimi. Makao yetu ni Chake Chake, ila kazi yenyewe zaidi iko kaskazini: Wete, Konde, mpaka Micheweni. Kwenye karatasi dodoso linaitwa la kujijaza mwenyewe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne atalijaza kweli peke yake, dakika tano ameshamaliza. Bibi yake, aliyehitimu chuo cha Kurani na anayeisoma bila kukwama, atataka asomewe, maana herufi za Kilatini hakuzizoea. Na ukishamsomea, sauti yako na uso wako vimeshaingia ndani ya dodoso, utake usitake.

PHQ-9 inamuuliza mtu amesumbuliwa mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, kisha inampa majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Alama zake ni 0, 1, 2 na 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Tulifanya kama inavyotakiwa. Mtu mmoja alitafsiri kutoka Kiingereza, mwingine ambaye hakuwahi kuiona asili akairudisha kwenye Kiingereza, tukalinganisha. Ilirudi safi, neno kwa neno.

Tukaenda shamba kujaribu. Mama mmoja wa upande wa Micheweni, mkulima wa mwani, aliulizwa kuhusu uchovu. Akajibu bila kusita: zaidi ya nusu ya siku. Kwa kuwa siku ile tulikuwa tunapima uelewa tu, muuguzi akamwomba aeleze anavyokusudia. “Asubuhi huwa mzima, mwanangu. Nikisharudi pwani, ikipita adhuhuri, ndiyo mwili wafa mpaka magharibi.” Alikuwa ameipima siku moja, akaona imelegea kuanzia katikati. Kwa hesabu yake alijibu sawasawa kabisa. Kwa hesabu ya dodoso alijipatia alama mbili kwa jambo ambalo huenda linamtokea siku moja tu katika wiki.

Hapo ndipo nilipoacha kuitegemea sana tafsiri ya kurudi. Inakuonesha kama wafasiri wawili waliosoma vyuo vilevile wanaelewana. Haikuoneshi mama wa mwani anasikia nini. Njia tunayoitumia sasa ni ya kijinga kwa kuiona: unasoma swali, mtu anajibu, kisha unamwambia, “Hebu nambie kwa maneno yako, nimekuuliza nini?” Unakaa kimya. Wengine hucheka kwanza, wanaona kama wanafanyishwa mtihani, lakini wakishaanza kueleza unapata mambo ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Basi tukakaa kutafuta dawa ya zile siku. Kijana wa takwimu alileta mchoro wa vidirisha kumi na vinne vya kutia rangi. Mwalimu mstaafu alileta komwe, zile za kuchezea bao. Komwe zilishinda. Tunazipanga juu ya mkeka mistari miwili, saba juu, saba chini, na kila mstari unaanzia Ijumaa. Ijumaa haipotei kwa mtu. Mwanamume anakumbuka alisali wapi, mwanamke anakumbuka alipika nini. Mhojiwa anaambiwa: hizi ndizo siku zako tangu Ijumaa ya juzi, zisukume pembeni zile ambazo mwili au moyo ulikuwa hivyo.

Nilimtazama bi mkubwa mmoja wa Konde akizisukuma. Kidole kilikwenda haraka kwenye mstari wa juu, komwe tatu mfululizo zikatoka. Kwenye mstari wa chini kikasimama. Akaigusa ya Jumatatu, akairudisha. “Hii nililala hospitali na mjukuu, usingizi sikupata, lakini moyo wangu ulikuwa mzuri, maana mtoto alishapoa.” Akaiacha. Katika jibu la “siku kadhaa” habari ile isingeonekana kamwe.

Mpango wetu ni kwamba komwe moja mpaka saba ni siku kadhaa, nane mpaka kumi na moja ni zaidi ya nusu, kumi na mbili kwenda juu ni karibu kila siku. Kazi ya dakika tano inachukua nusu saa, hilo silifichi. Na ukibadilisha namna ya kujibu umebadilisha kifaa. Huwezi kuchukua mipaka ya alama iliyopimwa kwa karatasi huko Marekani ukaibandika juu ya komwe za Konde kama vile hakuna kilichotokea. Tumeandika utaratibu wote, mpaka namna ya kupanga mistari, ili atakayekuja asitumie moyo wake.

Usiku nao una mambo yake. Kwetu siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao vijana wa ofisini wanauita Alhamisi usiku. Swali la usingizi tunasema “usiku wa kuamkia” na kuigusa komwe yenyewe.

Nilikuwa na mashaka na zile wiki mbili zenyewe. Mbona zisiwe mwezi, kama SRQ-20 inavyouliza siku thelathini? Walionijibu ni wakulima wa mwani, bila kujua kama wananijibu. Mwani unashughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha vigingi na kamba wazi. Siku hizo mwanamke anashinda kainama ndani ya maji. Yakija maji mafu, yasiyokupwa mbali, anapumzika, anashughulikia mambo ya nyumbani. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili takriban. Maana yake wiki mbili za PHQ-9 zinachukua bamvua moja na maji mafu mamoja, popote utakapoanzia kuhesabu. Ukimuuliza uchovu wa siku saba, jibu linategemea mwezi, unaoongoza maji, ni wa siku ngapi. Sidhani kama waliotunga PHQ-9 walilifikiria hili, lakini limetufaa.

Yasiyopangika hivyo ni msimu wa karafuu na Ramadhani. Karafuu zikiiva, mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku nyumba nzima inachambua mpaka saa za mbali. Muulize mtu kama usingizi unampa taabu atakuona huna habari na dunia. Ramadhani ndiyo zaidi: tarawehe, daku, kulala baada ya alfajiri, mchana bila kula. Swali la usingizi na swali la chakula litampa alama kila mtu, mgonjwa na mzima.

Nilipata mwanga kwenye dodoso la Edinburgh la wanawake waliojifungua, la mwaka 1987. Waliolitunga walikuwa na shida kama yetu, kwa sababu mzazi wa juzi halali vizuri hata akiwa na furaha ya dunia nzima. Wakaacha mambo mengi ya mwili, na usingizi wakaufunga na huzuni: kwamba amekuwa na huzuni kiasi cha kukosa usingizi. Tulijaribu kufunga hivyo kwa ajili ya Ramadhani. Inasaidia, ila sasa swali moja limebeba mambo mawili, na mtu asiye na huzuni anaanza kubishana na wewe. Mwishowe tukaamua Ramadhani hatuendi, na juu ya kila karatasi tunaandika kama ni bamvua au maji mafu, na kama ni msimu wa karafuu.

Maswali mengine niyapitie kwa haraka. La nane linauliza kama umekuwa ukitembea au kuzungumza polepole mno, au kinyume chake, huna utulivu unahangaika. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho akasema, “Sasa wanitaka nijibu lipi?” Tukalikata vipande viwili, tunachukua alama ya kile kilicho kikubwa zaidi. La sita, la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia yako, linawapata wacha Mungu. Nimeona mzee mtulivu, mwenye kula na kulala vizuri, anasukuma komwe zote kumi na nne kwa kuwa mja hawezi kusema kuwa ametimiza. Tukaongeza “kuliko ilivyokuwa kawaida yako”.

La saba, la kushindwa kukaza fikira kama vile katika kusoma gazeti au kutazama televisheni, lilitupa somo zuri. Mtu wa kikundi chetu alipendekeza kitu cha hapa hapa: kusahau umesali rakaa ngapi. Sote tulishangilia. Lilikuwa limekaa vizuri mdomoni, kila mtu alilielewa, na kila mtu alijibu ndiyo. Wagonjwa, wazima, mpaka imamu, akicheka. Swali ambalo wote wanalijibu sawa halipimi kitu, hata likiwa la kienyeji namna gani. Siku hizi tunauliza kuhusu kufuata mazungumzo mpaka mwisho na kuhesabu chenji dukani.

Swali la tisa linataka ukurasa wake. Linauliza kama mtu amefikiri kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Kwetu kujiua ni dhambi kubwa, na kila aliyewahi kukaa darsani amesikia kwamba muumini hatamani mauti kwa sababu ya dhiki iliyomfika. Ukiliuliza hivi hivi utapewa audhubillahi na mlango unafungwa. Wapo waliotaka tuliondoe, na kweli kuna PHQ-8, ambayo ni ileile bila swali hilo. Mimi sikukubali. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeshalichunguza hilo sana na hofu hiyo haikuthibitika. Na mwenye wazo hilo mara nyingi anangoja aulizwe.

Tulilolifanya ni kuligawa. Kwanza: “Kuna watu wakizidiwa na dhiki huona afadhali Mwenyezi Mungu awachukue. Wewe imekupitia hiyo katika Ijumaa mbili hizi?” Akisema ndiyo, ndipo tunauliza kama amefikiria kufanya jambo la kujidhuru mwenyewe. Kwa la kwanza mtu anapata ruhusa ya kusema bila kuvunjiwa heshima. Lakini majibu mawili haya hayachanganywi hata siku moja. Bibi mmoja alisema ndiyo kwa la kwanza, tena kwa furaha: “Namngoja Mola wangu. Sanda yangu iko kabatini tangu mwaka juzi, na ubani wake.” Akaagiza tuoneshwe. Huyo si mgonjwa, huyo amejiandaa.

Kabla ya kumuuliza mtu wa kwanza tulishakubaliana na muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya kwamba atapokea simu saa yoyote, na nauli ya gari tunatembea nayo kwenye bahasha. Anayesema ndiyo kwa la pili haachwi peke yake mpaka amekabidhiwa kwa mtu. Hospitali ya magonjwa ya akili iko Kidongo Chekundu, Unguja, na kati yetu na Unguja kuna bahari, kwa hiyo mpango wa saa za mwanzo lazima umalizike kisiwani. Dodoso lisilo na simu ya kupiga baada ya swali la tisa, mimi silisimamii.

Nani yuko karibu, hilo ni shughuli pevu. Huwezi kuingia kwenye shehia bila kupita kwa sheha, kiongozi wake wa serikali, na ndivyo inavyopaswa. Ila sheha akikuongoza nyumba kwa nyumba, watu wanadhani unaandikisha wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na dhiki zinaongezeka kwa kila hatua. Tunamwomba atutambulishe siku moja kabla, barazani, mbele ya watu, aseme wazi kwamba hakuna pesa, kisha atuachie. Wanawake wanaulizwa na wanawake. Mdodosaji awe Mpemba, lakini asiwe wa shehia ile. Mzazi aliye ndani ya arubaini ndiye mgumu kumpata peke yake, maana mama mkwe hatoki chumbani, na ana haki yake ya kuwemo. Muuguzi wetu mmoja alipata ujanja: humwomba mama mkwe akamtengenezee mtoto maji ya kuogea.

Sasa alama. Kijana wa takwimu alifurahi mwanzoni kwamba maswali yetu tisa yanakwenda pamoja, kile kipimo cha alfa cha Cronbach kilitoka kizuri. Nikamkumbusha mama wa Micheweni. Kama maswali yote tisa yanajibiwa kwa “nusu ya siku” ileile iliyoeleweka vingine, yatakwenda pamoja vizuri sana, na alfa itapendeza.

Mstari wa alama kumi, unaotumika kama mpaka wa kushuku sonona, nao unasomwa vibaya kila mahali. Katika utafiti wa mwaka 2001, uliofanyika kwenye kliniki za Marekani, alama kumi na kuendelea ziliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kubwa, na kuwaacha huru asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Mtu akisikia 88 anadhani katika kila mia waliovuka mstari, 88 ni wagonjwa. Tuchukue watu 1000, na tuseme 100 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa 88. Waliobaki 900 hawana, na asilimia 12 ya hao, yaani 108, watavuka mstari vilevile. Waliovuka ni 196, na wenye ugonjwa ni 88. Hawafiki nusu. Kwa hiyo karatasi yetu imeandikwa “azungumze na mtaalamu”, na hairuhusiwi kuandikwa “ana sonona”, hata muuguzi awe na haraka vipi. Kama kumi ndio mstari wa haki kwa Pemba, hilo linajulikana kwa njia moja tu, nayo ni ghali: mtaalamu azungumze na watu walewale bila kuonyeshwa alama zao.

Nikiulizwa ni sehemu gani ya dodoso naiamini zaidi, nitataja ile isiyohesabiwa kwenye alama. PHQ-9 ina swali la mwisho kuhusu ugumu wa kufanya kazi, kushughulikia mambo ya nyumbani na kuelewana na watu. Sisi tulilivunja kwa kuuliza wenyeji kwanza: mwanamke mzima wa hapa hufanya nini kila wiki, na mwanamume? Wanawake walitaja kupika, kulea, kuokota kuni, kwenda pwani, na wote wakataja shughuli, yaani harusi, maziko, hitima. Mwanamke asiyeonekana shughulini, tena si kwa sababu ya eda wala maradhi, majirani wanajua kuna jambo kabla ya sisi na komwe zetu.

Wanaume ndio wanaotusumbua mpaka sasa. Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Sijambo, alhamdulillah. Wake zao wanasema mengine: siku hizi haambiliki. Mvuvi mmoja alimaliza maswali yote bila kusukuma komwe hata moja, akatusindikiza mpaka njiani, ndipo akauliza kama ipo dawa ya mtu ambaye akiguswa tu anawaka. Ni ya rafiki yake, alisema. Katika toleo linalokuja tunaongeza maswali mawili, la hasira na la kukaa mbali na nyumbani, lakini yanakuja baada ya yale tisa na alama zake ziko mbali, ili jumla ya tisa ibaki ya kulinganishika na kwengine. Mwalimu anataka wanaume waulizwe mikono ikiwa na kazi, si kukaa ana kwa ana. Kijana wa takwimu anauliza komwe atazisukuma nani wakati mikono yote miwili imeshika nyavu. Tumekubaliana mdodosaji azisukume, mvuvi aelekeze kwa kidevu, na tuanzie madiko ya Wete wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawatoki na wanashinda wakishona.